Hedseti Niliyoifuata Geita kwa Lori

Kila aliyekuja kuniona tangu nirudi ameuliza swali lile lile: Kapteni Bundala, hedseti iko wapi? Nimejibu vipande vipande, kila mtu na kipande chake, na sasa nasikia mjini Shinyanga kuna habari tatu. Moja inasema niliibiwa Kahama. Ya pili inasema niliuziwa bandia. Ya tatu, ambayo nashuku imetoka kwa shemeji yangu, inasema sikufika popote, nilikuwa nimejificha kwa rafiki yangu Tinde nikila kuku. Basi naandika yote mara moja. Aliyesoma amsimulie mwenzake, nami nipumzike.

Kwa wale ambao hawajapanda ndege ndogo: ile ninayorusha ni ya tajiri wangu, Suleman Bhai mwenye kinu cha pamba. Ina injini moja, na injini hiyo iko mbele kidogo tu ya magoti ya rubani. Ikishanguruma, watu wawili waliokaa bega kwa bega hawasikilizani. Ndiyo maana rubani huvaa hedseti, vibakuli viwili vya kufunika masikio na kinasa sauti mbele ya mdomo. Yangu ilikuwa ya zamani, sponji zake zimeisha, nami nilikuwa nikiziba mapengo kwa pamba ya kinuni kwa tajiri. Nadhani mimi ndiye rubani pekee nchini aliyekuwa akivaa zao la biashara.

Isitoshe, nilikuwa na kanuni. Sikio la kulia ni la redio, sikio la kushoto ni la injini. Kibakuli cha kushoto nilikisukuma nyuma ya sikio tangu nilipoanza kazi, kwa sababu walionitangulia walifanya hivyo, na mimi nikawafundisha walionifuata. Rubani wa huku kwetu hategemei mishale ya vipimo peke yake, anasikiliza. Injini ikianza kuugua, sikio linajua kabla mshale haujatikisika. Kwa kanuni hii nilipata jina, na sikulikataa.

Sasa, kila mwaka rubani hupimwa afya. Safari iliyopita daktari alinifungia kwenye kachumba kadogo, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa na dole gumba tayari, nikingoja awashe mashine. Alipofungua mlango nilimuuliza kama umeme umekatika. Akanionyesha karatasi yenye mstari uliokwenda vizuri mwanzoni, kisha ukatumbukia. Hilo ndilo sikio lako la kushoto, akasema. Limefika ukingoni, na likishuka tena kidogo tu, mwakani sitasaini. Rubani asiye na saini ni abiria.

Nilitoka pale na hofu ambayo sikumwambia mtu. Nina miaka hamsini na moja. Kazi nyingine ninayoijua ni kilimo cha dengu, na hata hiyo naijua kwa kuitazama kutoka juu. Kwa kuwa sikutaka kuamini kwamba kosa liko kichwani mwangu, niliamua kwamba liko kwenye hedseti.

Ikiwa imebaki miezi miwili nikapimwe tena, ikaja habari kwa redio kutoka Bugarama. Kwenye kambi moja ya watafuta dhahabu kulikuwa na rubani wa kigeni aitwaye Dani, mkataba wake umekwisha, anaondoka Jumapili na anauza hedseti ya aina mpya inayozima kelele yenyewe kwa umeme wa betri. Pia nilisikia kuna nyingine ya kawaida Nyahanga, pale Kahama. Suleman Bhai akakubali kulipa. "Chagua mwenyewe, Kapteni," aliniambia, "lakini vaa kwanza. Usininunulie kitu kwa sifa." Ndege yetu ilikuwa Mwanza, injini imefunguliwa mezani. Kwa hiyo mimi, bingwa wa anga ya Usukuma, nikaondoka Jumanne kwa lori la mashudu.

Shinyanga mpaka Nyahanga

Kutoka Shinyanga mpaka Kahama mimi huenda kwa dakika ishirini na tano. Nilimweleza hivyo dereva, Ngassa, mtu mzima mnene mwenye kofia ya sufu, tulipokuwa bado hatujatoka mjini. Akaitikia kwa adabu. Tulifika Kahama saa kumi na moja jioni.

Sehemu ya kwanza ya mchana ilikwisha Tinde. Ngassa ana watu Tinde, na mtu mwenye watu hapiti. Tuliamkiana na mji mzima, tukauliza habari za ng'ombe, za mvua, za mgonjwa aliyelazwa na za mgonjwa aliyetoka. Tulikunywa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, pamoja na karanga. Nilikula vingi mno, na nilikuja kuvijutia kwenye matuta yote yaliyofuata.

Baada ya hapo nikaona nimuonyeshe Ngassa kwamba njia hii naijua. Nikamwambia, mbele hapo kuna kijiji chenye bati la bluu, halafu kuna kijiji chenye miti iliyopandwa mistari, halafu kile chenye uwanja wa mpira ulioinama.

"Kile cha bati la bluu kina jina," akasema Ngassa.

"Sijawahi kulijua."

"Mimi nimezaliwa pale."

Sikumfundisha njia tena mpaka Isaka. Hapo mabehewa ya mizigo yalikuwa yamesimama yakikata barabara, na dereva wa treni alikuwa ameshuka kula. Tuliokuwa tukingoja tukazoeana, na Ngassa, ambaye alikuwa amenisamehe, akawaeleza wenzetu kwamba ninakwenda kununua chombo cha kuzima kelele.

"Zote?" akauliza mama mmoja mwenye debe la samli.

"Zote," nikasema, maana nilikuwa nimeshajikuza.

"Sasa lori likipiga honi nyuma yako utajuaje?"

Nikamweleza kwamba angani hakuna malori. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayetoa sababu ya kitoto, akahamisha debe lake upande wa pili.

Nyahanga nilifikia kwa Mama Kulwa, mwenye duka la vipuri vya pikipiki na pampu za maji. Ananijua tangu nilipokuwa nikimletea mizigo kutoka Mwanza, naye huniita kwa jina la mwanangu. Hedseti yake ilikuwa ya kijani, nzito, imetoka kwenye ndege ya kunyunyizia dawa ya kweleakwelea iliyopinduka mahali fulani; rubani alipona, hedseti ikauzwa. Mama Kulwa si mtu wa kusifu bidhaa. Alinichukua mpaka mashine ya kusaga ya jirani yake, akanisimamisha karibu na injini, akasema, "Vaa, Baba Neema. Ukitoka hapo na masikio, itakuwa imefaa."

Nikaivaa. Kelele zilipungua sana, lakini ilinibana kichwa kama jiriwa. Watu waliokuja kusaga walisimama na ndoo zao wananitazama, wengine wakadhani mimi ni mtu wa serikali niliyekuja kupima mashine, na mwenye mashine akaizima kwa hofu. Baada ya robo saa nilivua. Taya zilikuwa zinauma na jicho moja lilikuwa na machozi. Nilisimama pale nikijipapasa mashavu, kisha nikageuka nikamuona Mama Kulwa amesimama kushotoni kwangu, mikono kiunoni.

"Nimekuita mara tatu," akasema.

"Ni hii mashine ya kusaga."

"Mashine imezimwa, Baba Neema."

Nikamwambia masikio yangu yalikuwa bado yanazoea. Alirudisha hedseti ya kijani rafuni na kunipakulia ugali na mlenda, na tukazungumza habari za mapacha wake. Nilikwisha kukata shauri kwamba ile ya kijani haifai. Mtu hawezi kurusha ndege huku analia.

Nyahanga mpaka Bugarama

Jumatano nilipata nafasi juu ya lori la magogo. Haya ni magogo ya kuegemeza kuta za maduara, yaani yale mashimo marefu ya wachimbaji, nao huyaita matimba. Ukikaa juu ya matimba kwenye barabara ile siku ya mvua, unajifunza kila gogo lilikatwa upande gani. Mwenye mzigo alikuwa mchimbaji wa Bugarama aitwaye Lufunga, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye kovu kwenye kidevu. Alikaa kushoto kwangu.

Karibu na Segese lori likazama. Likazama vizuri, mpaka ekseli, na dereva akazima injini na kwenda kutafuta ng'ombe wa kulivuta. Ng'ombe walikuwa shambani kwa mtu, mtu alikuwa msibani, na msiba ulikuwa ng'ambo ya mto. Tulikaa pale kwa muda wa saa nne. Wanawake walituletea miwa na mahindi ya kuchoma, na kila aliyekuja alituamkia, nasi tukaitika. Mimi nilikuwa naona safari inakwenda vizuri kwa jinsi ninavyopatana na watu.

Niligundua kwamba Lufunga amenuna. Alikuwa amenigeuzia mgongo, anakula muwa wake peke yake. Nilipomuuliza kulikoni, akasema kwa utaratibu sana, "Bhabha, mimi nimekuamkia tangu Nyahanga. Nimesema shikamoo mara mbili, nikasema mwangaluka, labda hutaki Kiswahili. Sasa naona wewe ni mtu mkubwa."

Jamani, nilitamani nizame pamoja na lile lori. Huku kwetu mtu anaweza kukunyima maji na mkapatana, lakini ukinyamazia shikamoo yake umemwambia hana maana. Nilimuomba radhi, nikamwambia ni ngurumo ya injini.

"Injini imezimwa tangu saa tano," akasema Lufunga.

Nikamwambia basi ni upepo. Alifikiri kidogo, akavunja kipande cha muwa akanipa. Akahamia upande wangu wa kulia bila kueleza kwa nini, na tangu hapo tukaelewana sana.

Bugarama, siku moja ya kungoja

Tulifika tumechelewa. Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda kambini kwa Dani. Mlinzi alinieleza kwa furaha kwamba nimefika mahali penyewe, mtu mwenyewe ndiye huyo, ila juzi amehamia Geita kumalizia shughuli zake, anakaa kwenye nyumba ya wageni Kalangalala. Gari la kwenda huko lingepita kesho. Nikarudi kwa Lufunga, ambaye alishanihesabu kuwa mgeni wake, na mkewe akanipikia ugali wa muhogo na dagaa.

Baadaye Lufunga alinipeleka kuona duara lake. Kando kidogo palikuwa na kelele za kila namna, wanawake wanaponda mawe, pampu inavuta maji, redio inaimba. Lakini mdomoni mwa lile duara watu wote walikuwa kimya. Hapo hapigwi mluzi wala haletwi redio, na mwenye kikohozi anasogea pembeni. Lufunga alipiga magoti, akainamisha kichwa shimoni na kukaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba matimba husema kabla hayajavunjika. Hulia kidogo tu, mlio mwembamba, na aliyeusikia anapata nafasi ya kupanda.

"Huko chini mimi naishi kwa sikio, Bhabha. Hicho chombo chako cha kuzima kelele ukinipa bure sikitaki."

Nilifurahi kupita kiasi. Nikamweleza kanuni yangu yote, la redio na la injini, na Lufunga akaniunga mkono kwa kila neno. Huwezi kuziba sikio halafu ukasikia, alisema. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwa daktari nilijiona ni mtu mwenye akili. Nikaamua kwamba hata nikiipata hiyo hedseti ya Dani, kibakuli cha kushoto kitakaa nyuma ya sikio kama kawaida yake, na daktari atajijua mwenyewe.

Tukiwa bado tunasifiana, Lufunga akainua kidole. "Gari linakuja kutoka Kakola," akasema. "La dizeli. Chuma kimoja kimelegea." Nilisikiliza. Sikusikia gari, sikusikia chuma. Nilidhani ananitania, mpaka nikaona moshi, kisha gari lenyewe, na bamba la nyuma linaning'inia.

Bugarama mpaka Kalangalala

Ijumaa nilisafiri kwenye pikapu pamoja na kitanda cha bibi harusi, godoro lake, na shangazi yake aliyekuwa akilinda godoro. Kila tulipofika mtoni shangazi alitaka godoro livushwe kwa mikono kwanza, halafu kitanda, halafu abiria. Nimevushwa mito mingi maishani, lakini ndiyo mara ya kwanza kupewa namba tatu. Bukoli tulisimama kwa sababu shangazi alisikia wapo watu wa upande wa bwana harusi, na ikabidi waone godoro. Tukaingia Geita jioni.

Nilimkuta Dani kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba ya wageni, anapambana na sato mzima kwa uma. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha sokoni kisicho na salamu. Na mezani pake, ameshanawa mikono, alikaa mtu ambaye sikutarajia kumuona: Masanja. Mimi ndiye niliyemfundisha Masanja kurusha ndege. Sasa ana miaka thelathini na minne, anafanya kazi na kampuni nyingine hapo Geita, na ana ndege yake mwenyewe ya kurusha kila siku.

Akasimama. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kumuaga Dani?"

"Nimekuja kwa ajili ya hedseti," akasema, na hapo hapo akaona kwa nini nimekuja mimi. Akatazama chini. "Lakini Mwalimu akishafika, mimi sina neno."

Mtu muungwana angesema hapana, umetangulia wewe. Mimi nilisema asante, nikaagiza sato wangu. Naandika haya kama yalivyokuwa. Nilikuwa na miezi miwili, na niliogopa.

Jumamosi asubuhi tulikwenda uwanjani kuijaribu. Ndege ya Dani ilikwishakabidhiwa, kwa hiyo tukatumia ya Masanja, tukiwa chini tumefunga breki. Nilikaa kwenye kiti cha rubani, Masanja kulia kwangu, Dani nyuma na hedseti ya abiria. Nikavaa ile hedseti mpya, nyepesi, na waya wake una kiboksi cha betri. Kwa heshima ya mashine ngeni nilifunika masikio yote mawili. Nikawasha injini, nikaongeza moto, kelele zikajaa kama kawaida. Dani akanyoosha mkono, akabonyeza swichi.

Sijui niwaeleze vipi. Ngurumo ile niliyoishi nayo nusu ya umri wangu iliondoka, ikaenda kusimama mahali fulani nje ya uwanja. Nilidhani injini imezimika, mkono ukaruka wenyewe kwenye wenzo wa mafuta. Lakini propela ilikuwa inazunguka na mishale yote iko mahali pake. Kulikuwa na firimbi nyembamba, ya juu, isiyokatika, nikamuuliza Dani kama hiyo firimbi nayo ina swichi.

"Firimbi gani?" akauliza.

Nikamwambia basi. Nikazima injini, na ile firimbi ikaendelea vile vile. Nikavua hedseti, bado ikaendelea. Nikaelewa kwamba nimekuwa nayo miaka mingi, nayo haikutoka kwenye ndege yoyote.

Nilishuka ili Masanja naye aijaribu, maana alitamani walau kuonja. Akahamia kiti changu. Na huyo Masanja, mbele ya macho yangu, akavaa hedseti mpya ya watu, akakiweka kibakuli cha kulia vizuri, na kile cha kushoto akakisukuma nyuma ya sikio. Dani akacheka, akamwambia hivyo sivyo, funika yote. Masanja akamjibu kwa fahari kabisa, "Huyo hapo ndiye Mwalimu wangu. Alinifundisha kushoto ni kwa injini."

Mimi nilikuwa nimesimama chini, kwenye mlango, kushotoni kwake. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa jina la baba yake. Dani alinitazama, Masanja hakunitazama. Injini ilikuwa haijawashwa na upepo haukuwapo. Nilipomgusa bega aligeuka haraka, akanielekezea shavu la kulia, kichwa kimeinama kidogo. Mwinamo ule naujua. Nauona kila ninaponyoa ndevu.

Nikashika nguzo ya bawa. Nikamwambia, "Funika masikio yote, Masanja. Yote mawili."

Alitii. Akawasha, akaongeza moto, Dani akabonyeza swichi. Masanja akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. Akasikiliza. Akazima injini, akavua.

"Kuna kitu kinagonga," akasema. "Tik, tik, tik. Mbele, chini kulia."

Nikasema hakuna kitu. Tukabadilishana tena, nikavaa mimi, nikasikiliza kwa uwezo wangu wote, na kwa kweli hakukuwa na kitu. Dani akavaa, akasema kipo, tena wazi. Tukafungua kifuniko cha injini. Kwenye bomba la moshi, kulia chini, nati mbili zilikuwa zimelegea na moshi umechora mstari mweusi kwenye chuma. Kwa unene wa ule mstari, haikuwa kazi ya jana. Masanja alikuwa ameruka nayo siku kadhaa na abiria ndani, sikio la kushoto likiwa wazi, likisikiliza injini.

Dani alitueleza, na nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Ile ngurumo nzito ndiyo inayofunika mlio mwembamba. Ukiacha sikio wazi husikii injini, unasikia ngurumo tu, na hiyo ngurumo inakula sikio kuanzia kwenye milio myembamba. Lufunga alikuwa na haki kwenye duara lake, maana mle ndani ni kimya. Mimi nilikuwa nimechukua kanuni ya shimoni nikaipandisha ndege.

Nikamwambia Masanja, "Chukua wewe."

"Hapana, Mwalimu, ni yako."

"Nimesema chukua."

Alidhani nimekasirika kwa sababu ya zile nati. Akasema hastahili. Nikasema mimi ndiye sistahili. Akarudi nyuma hatua moja, akasema hawezi kuchukua kitu mbele ya mkubwa wake. Tukasukumiana ile hedseti kama watu wawili kwenye mlango wa msibani, kila mmoja anataka mwenzake atangulie. Dani, ambaye alikaa nchini mpaka mkataba ukaisha bila kuuelewa ugomvi wa namna hii, alidhani tunamlalia bei. Akaishusha. Masanja akakataa tena, Dani akaishusha tena, akatuambia hiyo ndiyo ya mwisho na kwamba sisi ni watu wagumu. Masanja aliinunua kwa bei ambayo ingemfurahisha sana Suleman Bhai kama angeinunua yeye.

Kwangu mimi haikuwa ukarimu, tafadhali msinisifu. Hedseti ile isingenipa chochote. Nilikuwa nimeivaa, nimefunika masikio yote, betri mpya, na sikusikia kitu ambacho kingeweza kuua watu.

Geita mpaka Ibadakuli

Fundi alibadilisha zile nati na kukagua bomba lote. Jumapili Masanja alikuwa na abiria wa kuchukua Shinyanga, kwa hiyo akanirudisha. Nilikaa kiti cha kulia, mzigo wangu mapajani, na hedseti yangu ya zamani yenye pamba kichwani. Yeye alifunika masikio yote mawili. Chini ilipita ile barabara, na safari hii nilipoona bati la bluu nilisikitika kwamba sikumuuliza Ngassa jina la kijiji chake. Tulitumia muda mfupi sana.

Suleman Bhai nilimweleza Jumatatu asubuhi, atafute rubani mwingine, asingoje mpaka nipimwe. Aliagiza chai, akasema nitakaa kinuni mpaka tuone. Lakini hayo yalikuja baadaye. Ninalotaka kumalizia ni la pale Ibadakuli, uwanja wa ndege wa Shinyanga, tulipotua.

Masanja alizima injini. Propela ikasimama. Abiria wake walikuwa bado wako mbali, wanatembea na mabegi yao kutoka jengoni. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jambo hilo tangu Geita, nikalisema moja kwa moja. Nilimwambia kanuni ile ni ya uongo, kwamba nilimfundisha kitu kilichomharibia sikio, na kwamba namuomba msamaha. Nikamwambia akapimwe wiki hiyo hiyo. Na asije akamfundisha mtu mwingine.

Alikaa na mikono juu ya usukani, anatazama mbele.

"Nimeshawafundisha wawili, Mwalimu," akasema.

Nilitoa kalamu mfukoni, nikamuomba anitajie majina yao na mahali walipo. Akayataja kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimekaa kulia kwake, sikio langu la kushoto ndilo lililokuwa upande wake, na sikupata hata moja. Nikageuza kichwa chote, nikamwambia sijasikia, ayarudie.